Sentimita Moja, Abiria Wawili

Mwenye chombo wa Msambweni akimwuliza fundi mstari wa maji upite wapi, jibu la kawaida ni fupi: pale maji yanapofika. Si jibu baya, ila limeacha nusu ya swali. Yanafika wapi chombo kikiwa na nani, kimebeba nini, na mashine gani imening'inia nyuma? Mashua tupu iliyotia nanga mbele ya hoteli za Diani, na mashua hiyohiyo ikiwa na wageni 12, mabaharia watatu, barafu, mafuta na chakula cha mchana, zinatofautiana ubavuni kwa upana wa kiganja. Kiganja hicho kina bei, na bei yenyewe inahesabika kwa penseli.

Tuchukue chombo kimoja cha mfano tukae nacho: mashua ya mbao ya mita 9, ya aina inayopeleka wageni Kisite kutoka Shimoni. Inapoelea imesheheni, pale inapokatwa na uso wa maji ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 2.4. Ingekuwa sanduku, eneo hilo lingefika mita za mraba 19.2. Lakini omo imechongoka na tezi imebanwa, basi zidisha kwa 0.7 upate kama mita za mraba 13.4. Sasa izamishe sentimita moja zaidi. Imesukuma kando lita 134 za maji, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Kila sentimita moja, kwa hiyo, ni kilo 138. Hesabu za usalama za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, humkadiria abiria kuwa na kilo 75. Sentimita moja ya ubavu wa mashua hii ni abiria wawili, mradi mmoja wao awe mwembamba.

Kwa chombo kingine namba hubadilika sana. Mtumbwi wa mita 6 wenye upana wa sentimita 60 hauna hata mita za mraba 2.5 za kuegemea maji. Kilo 24 tu zinauzamisha sentimita moja, na mvuvi mmoja akiingia unashuka sentimita tatu. Mvuvi huyo hahitaji mstari wa rangi. Makalio yake yanamwambia. Kivuko cha bapa cha mita 30 kwa 10, kwa upande mwingine, hutaka tani 2.6 kabla ya kushuka sentimita hiyohiyo moja, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Tutalirudia hilo.

Mashua yetu tupu, pamoja na mashine yake, tuseme ina tani mbili. Wageni 12 ni kilo 900. Mabaharia watatu, 225. Lita 60 za petroli ni kilo 44 tu, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita 60 za maji ya kunywa ni kilo 60. Weka kilo 100 za barafu, sufuria na masanduku, na kilo 40 za nanga na kamba. Jumla ni kilo 1,369, karibu sentimita 10 kamili. Hizo sentimita 10 ndizo ugomvi wote wa mstari wa maji, maana kila anayeshika brashi anachagua, kwa kujua au kwa kutojua, akae wapi katikati yake.

Wenye boti za wageni hupenda kuupaka chini, pale chombo kinapoelea kitupu. Picha inapendeza: mbavu nyeupe au buluu, ukanda mwembamba mwekundu chini, hakuna rangi ya chini inayochungulia. Ila siku ya kazi, sentimita 10 za rangi ya kawaida ya nyumba au ya mbao zinashinda ndani ya maji, na rangi hiyo haikutengenezwa kwa hilo. Inafura, inatoka maganda, na kabla haijatoka imeshaota majani na chaza wadogo. Wazee walikuwa na dawa yao: chini ya chombo wakipaka chokaa iliyochanganywa na shahamu, juu wakipaka sifa ya papa, na mpaka wa weupe na weusi ndio uliokuwa mstari. Dawa hiyo ilikuwa rahisi na ilirudiwa mara kwa mara, kwa hiyo kosa la mpaka halikuishi sana. Rangi ya leo yenye shaba si rahisi hivyo.

Tuihesabu. Sehemu ya mashua yetu inayolowa ikiwa imesheheni ni kama mita za mraba 20. Lita moja ya rangi hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 4. Weka bei ya mfano ya shilingi 4,000 kwa lita (kila mtu na duka lake) na chini yote ni shilingi 16,000. Ukipandisha mpaka sentimita 10 kuuzunguka mwili wote umeongeza kama mita 2 za mraba, yaani lita 0.4, yaani shilingi 1,600. Kwa kupaka mara mbili kwa mwaka ni shilingi 3,200.

Upande wa pili wa mizani ni mafuta. Mradi wa IMO unaoshughulikia viumbe wanaoota kwenye meli ulikadiria kwamba utando wa unene wa nusu milimita tu, ukitanda hadi nusu ya sehemu iliyo majini, unaweza kuongeza moshi wa meli kwa asilimia 25 hadi 30. Sitaki kuichukua namba ya meli kubwa nikaibandika kwenye mashua ya Shimoni. Nachukua asilimia 3 tu kwa ajili ya ule ukanda wa majani kuzunguka ubavu. Chombo kinachochoma lita 25 kwa safari, safari 150 kwa mwaka, kinakunywa lita 3,750. Kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni bili ya shilingi 675,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 20,250. Badilisha bei kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inapotangaza mpya tarehe 14 ya mwezi. Uwiano haubadiliki sana. Anayebana shilingi 3,200 za rangi analipa mara sita kwenye petroli, na hapo sijahesabu siku za kukwangua.

Basi upakwe juu kabisa? Hapana. Rangi ya chini ni sumu kwa makusudi. Ndiyo kazi yake. Ile ya zamani yenye bati ilidhuru konokono wa baharini kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, uliipiga marufuku. Ya shaba inaruhusiwa, lakini hakuna sababu ya kuipaka mahali ambapo haitalowa, hasa kwa chombo kinacholala juu ya matumbawe. Isitoshe, nyingi za rangi hizi zikikaa juani muda mrefu hupauka na kupoteza nguvu. Kipimo ninachokiona cha haki ni sentimita 5 hadi 7 juu ya pale maji yanapofika chombo kikiwa kimesheheni. Viwimbi vya bandarini hulowesha kiasi hicho mchana kutwa, na palipolowa mchana kutwa huota.

Ila hapa pana mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha ufukoni. Mpaka wa rangi uliopandishwa sentimita 7 juu ya shehena halali ni mstari unaomwambia nahodha kwamba bado ana nafasi. Sentimita 7 mara kilo 138 ni kilo 966, abiria 12 wengine na chenji. Atawapakia, ataangalia ubavu, na rangi nyekundu bado itakuwa imegusa maji tu. Mpaka wa rangi umewekwa kwa ajili ya majani na chaza. Haukuwekwa kwa ajili ya watu. Mstari mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili, na vyombo vingi vya pwani yetu vina huo mmoja tu.

Anayevuka Likoni kwenda Kwale akigeuza shingo wakati meli ya shehena inaingia Kilindini ataona meli zimeshaachanisha mambo hayo. Rangi ya chini ina mpaka wake, na katikati ya ubavu pana duara dogo lililokatwa na mstari, pembeni yake ngazi ya vistari vyenye herufi. Alama hiyo hufungamanishwa na Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby huko Uingereza, aliyepigania mabaharia waliokuwa wakitiwa kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi na kukatiwa bima nono. Sheria ya 1876 ililazimisha kila meli iwe na alama, lakini ikamwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuichora! Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliichora kwenye bomba la moshi. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, sheria ilikiruhusu, na ni mpaka miaka ya 1890 ndipo serikali ilipochukua yenyewe kazi ya kuamua alama ikae wapi.

Mkataba wa kimataifa wa mistari ya shehena unaotumika leo ulitiwa saini London mwaka 1966. Unahusu meli za safari za kimataifa. Meli mpya zisizofika mita 24 na vyombo vya uvuvi vimeachwa nje. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kinachoelea kati ya Tiwi na Vanga kiko katika hali ya Uingereza ya 1876: mwenye chombo anachagua mwenyewe. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, iliyoanzishwa 2004, hukagua boti na kuzipa vyeti, na kazi hiyo ina maana. Lakini idadi ya abiria kwenye cheti huhesabu vichwa. Haijui kwamba leo kuna kreti sita za soda, jenereta ya harusi ya Wasini na mifuko minne ya saruji chini ya majamvi. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Minne ni sentimita moja na nusu. Mstari unajua.

Pa kuuweka basi panapatikanaje? Kuna njia ya kuketi na karatasi, lakini mashua zetu hujengwa kwa jicho na kwa urithi, si kwa mchoro, na hakuna karatasi ya kuketi nayo. Njia inayobaki ni ya kukielesha chombo na kukiuliza. Na hapa pwani ya kusini ina zana ambayo mafundi wa bahari zisizo na maji makubwa wangeitamani: bamvua.

Maji ya bamvua huku hupanda na kushuka mita 3 na ushei. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa kuelekea mapambazuko, upepo ukiwa bado umelala, na kukauka kuelekea adhuhuri. Ratiba inajipanga yenyewe. Alfajiri chombo kinaelea ndani ya hori lililotulia, Gazi kwa mfano, ambako mikoko huvunja mawimbi. Kinapakiwa uzito wake wa kazi. Magunia ya mchanga ya kilo 50 hayana ubishi kama watu, na 27 yanakaribia sana zile kilo 1,369. Magunia ya wageni yapangwe pale wageni wanapokaa. Mtu ndani ya mtumbwi anachora alama za penseli kwenye omo, kwenye tezi na katikati, pande zote mbili. Ndani ya mashua asiwemo mtu asiyehesabiwa. Baharia wa kilo 75 akitoka omo kwenda tezi, mwendo wa mita 6, anaizamisha tezi kama sentimita 3 na kuiinua omo kiasi hichohicho. Penseli haina habari kwamba alikwenda kuchukua sigara.

Alama sita hazijawa mstari. Maji yakishatoka na chombo kusimama juu ya mchanga kwenye gadi, lazima ziunganishwe, na hapo wengi hutumia uzi au ubao uliopinda, wakaharibu. Zana nzuri zaidi iko kwa mwashi yeyote wa Ukunda: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, anaotumia kupima msingi wa nyumba. Chombo kinasawazishwa kwa gadi mpaka alama zote sita ziwe kimo kimoja kwa mpira huo. Kisha ncha moja inafungwa kwenye alama na nyingine inatembezwa ubavuni, kila sentimita 30, ikiacha nukta. Mita 2 za mraba za ubishi zinaisha kwa mpira wa bei ya chai ya watu kadhaa.

Kuna wanaofanya ujanja zaidi: wanakisimamisha chombo kwenye gadi, sawa kabisa, kikiwa na uzito wa kutosha kisije kikaelea, na kungoja maji yenyewe yapande mpaka kwenye alama, kisha wanachora yanapogusa. Ni njia halali, maana hakuna pima maji iliyo sahihi kuliko bahari. Lakini angalia mwendo. Kwa kanuni ya mabaharia ya kugawa maji mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kwa bamvua ya mita 3.2, saa ya tatu na ya nne bahari inapanda sentimita 80 kwa saa, zaidi ya sentimita moja kwa dakika. Fundi anayechukua dakika nne kuizunguka mashua anamaliza mstari ukiwa umepotoka sentimita 5, sawa na kilo 690 upande mmoja wa hesabu. Njia hiyo inafaa tu pale maji yanapokaribia kusimama, au kukiwa na watu wanne, kila mmoja na kona yake, wanaochora kwa kelele moja.

Jambo jingine linaloharibu sura ni ukanda wa pambo juu ya mpaka, ule wa rangi ya tatu. Mtu hupima sentimita 5 kwa rula kutoka mstari kwenda juu, akiifuata mbao. Katikati ya chombo, ubavu uliosimama wima, hakuna shida. Lakini chini ya tezi, ambapo mbao zimelala, mambo hugeuka. Ubavu ukilala nyuzi 45 kutoka wima, sentimita 5 za kimo ni sentimita 7 juu ya mbao. Ukilala nyuzi 60, ni sentimita 10. Aliyepima 5 kila mahali atapata ukanda unaoonekana umenyongwa nyuma. Ukanda upimwe kwa kimo, kwa mpira uleule. Na mafundi wengine huupandisha mstari kidogo sana kuelekea omo, sentimita 2 au 3, kwa sababu mstari ulionyooka kabisa kwenye mwili uliopinda huonekana kama umeinama. Sina ugomvi nao, mradi ni ukanda wa pambo na si alama ya shehena.

Mambo madogo yasikushughulishe kupita kiasi. Maji matamu hubeba kidogo kuliko ya chumvi, ndiyo maana meli zina alama yao peke yake, lakini mashua yetu ikiingia mdomo wa mto Ramisi itashuka kama milimita 6, pungufu ya wimbi la bata. Mbao kunywa maji ni jambo kubwa kidogo: chombo kipya chenye kilo 1,200 za mbao kavu kikinywa asilimia 15 kimeongeza kilo 180, sentimita 1.3. Kisipimwe siku ya kushuliwa. Kiache mwezi majini.

Linalostahili kukushughulisha ni ubavu. Hesabu zote hapo juu zilimchukulia abiria kuwa katikati ya chombo, na abiria hakai katikati ya chombo pomboo wakitokea. Kwenye maji ya Kisite na Mpunguti pomboo hutokea, ndiyo biashara yenyewe. Wageni watano wakikaa mahali pao wanaizamisha mashua sentimita 2.7. Watano haohao wakisogea sentimita 80 kuelekea upande mmoja wanaushusha upande huo, kwa makadirio yangu ya chombo cha umbo hili, kama sentimita 12 zaidi. Wote 12 wakisimama na simu zao, ni karibu sentimita 28. Kama ubavu ulibaki sentimita 60 juu ya maji, sasa umebaki 32, kabla ya wimbi lolote. Nahodha mzoefu hupaza sauti kabla pomboo wa pili hajaruka, kwa sababu anajua chombo kwenda mrama huanzia kwa furaha.

Ndipo tunarudi kwenye kivuko cha bapa. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilipinduka karibu na gati, ng'ambo hii ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, na watu 272 wakafa. Kilikuwa kimepewa nafasi ya watu 300, na waliokuwemo walikadiriwa kuwa 400. Watu 100 wa ziada ni tani 7.5. Kwenye kivuko cha mfano cha mita 30 kwa 10 tulichokitaja, tani hizo zinashusha ubavu sentimita 3 tu. Hakuna aliyesimama gatini ambaye angeziona. Chombo kipana hakionyeshi kujaa kwake kwa kushuka. Kinaonyesha kwa kulegea, na kulegea hakuonekani mpaka watu wasogee. Kwa vyombo vya namna hiyo kuhesabu vichwa langoni kunashinda mstari wowote, na atakayesema alama ya rangi ingetosha anawadanganya watu. Mashua nyembamba ni kinyume chake: inasema ukweli kwa sentimita, ikiwa tu kuna mahali pa kuusoma.

Kwa hiyo, kwa mashua ya mita 9, mimi ningechora hivi. Mpaka wa rangi ya chini uende sentimita 7 juu ya maji ya shehena kamili. Kisha katikati ya urefu, pande zote mbili, pawekwe alama ya shehena: mstari wa urefu wa kiganja, mweupe juu ya rangi nyekundu, pale hasa maji yanapofika mashua ikiwa na kilo zake 1,369. Pande zote mbili, kwa sababu alama ya upande mmoja husomwa chombo kikiwa kimeinama upande wa pili, na inasifu.

Na chini yake mstari wa pili, wa kusi. Meli kubwa hutofautisha majira: kutoka alama ya kiangazi hadi ya bahari za tropiki ni sehemu moja ya 48 ya kina cha meli majini. Kwa mashua inayozama nusu mita, hiyo ni sentimita moja. Ila wimbi la kusi nje ya mwamba mwezi wa Julai halipungui ukubwa kwa sababu chombo ni kidogo, kwa hiyo sentimita moja haitoshi, ningeweka mbili. Sentimita mbili ni kilo 276, abiria watatu na mizigo yao. Ukitoza shilingi 3,000 kwa kichwa, ni shilingi 9,000 kila safari zinazobaki ufukoni, na kwa safari 50 za majira ya kusi ni shilingi 450,000. Ndiyo sababu mstari huo hauonekani ubavuni mwa vyombo vyetu, na sitajifanya kwamba ni pesa ndogo. Lakini ni namba inayoweza kuwekwa mezani na mwenye chombo, nahodha na BMU yao, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, badala ya kuamuliwa saa mbili asubuhi na mgeni wa kumi na mbili akiwa ameshalipa na mguu mmoja umo ndani.

Alama zikishapatikana zichorwe kwa ncha ya msumari kwenye mbao, milimita moja au mbili, ili brashi ya mwakani izikute; kwenye faiba ni bora vinundu vidogo vya gundi ngumu kuliko kukwaruza. Zitadumu mpaka chombo kibadilike. Mashine ya farasi 15 yenye kilo kama 40 ikipisha ya farasi 40 yenye kilo 75, zile kilo 35 zilizoongezeka zinaishusha tezi kama sentimita 1.3 na kuiinua omo kidogo. Ukiongeza paa la kivuli, tangi jipya au benchi za mbao nzito, pima upya. Bamvua haiko mbali kuliko wiki mbili.